Herufi Moja Mwishoni

Ghorofa ya pili, Barabara ya Digo, juu ya duka la vitambaa,
feni yazungusha joto lilelile.
Bi Zuwena wa Tudor ameniwekea mezani diski mbili:
moja ya marehemu nduguye, Athman Mbwana,
moja mpya, ingali ndani ya nailoni.
"Nihamishie," asema. "Yote. Usibakishe kitu."

Kabla ya kuhamisha, mimi huuliza.
Si kila diski hustahimili utupu.
Naanza na mashine yangu, nipate jibu la haki:
naunda faili, naliita jaribio,
naruka gigabaiti kumi bila kugusa chochote,
na kule mwisho kabisa, kama mtu apigaye hodi
kwenye nyumba isiyojengwa,
naandika herufi moja.
B.

Halafu maswali mawili, na usidhani ni moja.
Wewe faili, urefu wako?
Gigabaiti kumi, lajibu, bila haya.
Na umekalia nafasi gani?
Kilobaiti nne.

Ndivyo ilivyo diski yenye adabu:
huandika daftarini kwamba hapa hapana kitu,
wala haimtozi mtu kodi ya hapana.

Ile mpya haikuwa hivyo.
Taa yake ilipepesa, ikapepesa,
nikateremka kunywa kahawa tungu, nikarudi,
bado yajaza sifuri, sifuri juu ya sifuri,
kama karani aogopaye ukurasa mweupe.
Kumi ilizodai, kumi imezikalia.
Matundu yote yamezibwa.

Nikaifuta. Nikaipa mfumo mwingine. Nikauliza tena.
Kumi. Nne.
Alhamdulillahi.

Ndipo nikamwonyesha faili kubwa la Athman:
mia mbili kwa urefu,
kumi na moja kwa uzani.
Akanikazia macho.
"Na hizo zengine zi wapi? Nani kazitwaa?"
Hakuna aliyezitwaa, nikamwambia.
Alitenga nafasi. Alidhani ataijaza.

Akanyamaza. Chini, mtu alikuwa akikata kitambaa,
mkasi ukisikika hadi kwetu.
Akavuta buibui begani, kisha akauliza
swali ambalo mteja hajapata kuniuliza:
"Ukinakili, na hayo matundu yatakwenda?"

Ngoja, nikasema.
Nikarudi kwenye amri niliyokwisha kuiandika,
nikaongeza neno moja kabla ya kubonyeza.