Inapoa

"Mwenye gari yuko wapi?" kijana wa gereji aliniuliza,
Tabata Dampo, saa nne asubuhi, jua limeshakaa mabegani.
Nikamwambia: unaongea naye.
Akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kumwita Fundi Ngauda.

Nilikuwa natoka zamu ya usiku, wodi ya wazazi.
Watoto saba; mmoja alitanguliza miguu.
Pale Buguruni foleni iligoma,
gia ya pili ikasita, ikagonga, ikakubali shingo upande,
kama mtu aliyeamshwa kwa jina lisilo lake.

Fundi akachomoa kijiti, akakipangusa kwa kitambaa cheupe,
akanionyesha.
Sikuhitaji tafsiri. Kazi yangu ni vitambaa vyeupe.
Naujua wekundu wenye afya,
naujua na ule wa kahawia
unaokutoa mbio kumwita daktari.
Mafuta ya gia yalinuka kitunguu kilichosahauliwa jikoni.
"Homa," nikasema.
Akacheka. "Homa, sista. Na siyo ya leo."

Tukakalia matairi, tukaanza kuchagua.

Kwanza oili ya injini.
Kitabu cha gari, maandishi yote ya Kijapani,
kilitaka thelathini, nyepesi.
Kijana akataka hamsini, nzito kama asali, eti haitoroki.
Ngauda akatikisa kichwa:
"Nzito huchelewa kupanda alfajiri, na tabo haina subira.
Mara laki moja kwa dakika inazunguka,
imekalia utando mwembamba kuliko ngozi ya yai."
Arobaini, nikasema. Na kila kilomita elfu tano,
siyo kama kaka Mbaruku aliyeniuzia,
aliyekuwa akiongeza tu, kama anayeongeza maji kwenye uji.

Gerezani, dukani kwa Shamte, nilirudisha makopo mawili.
Vifuniko vilizunguka kimya, vilishawahi kufunguliwa.
La tatu likakatika: tak!
Mlio wa shingo ya ampuli.
Hilo nikalipa.

Kwenye kipozeo cha giaboksi ndiko tulikogombana.
Yeye alitaka kikubwa, kizibe kifua chote mbele ya rejeta.
Na AC yangu itapumulia wapi?
Februari hii, Dar hii, bila AC? Bora nitembee.
Basi tuliache gari na rejeta peke yake, kama lilivyotoka kiwandani?
"Rejeta ikichemka na gia inachemka," akasema,
"wapangaji wawili, choo kimoja."

Nikachora nyuma ya risiti:
mafuta yapite kwenye rejeta kwanza,
kisha yaingie kwenye kipozeo kidogo, pembeni, karibu na honi,
chenye feni yake yenyewe.
Mwendokasi una upepo wa bure;
upepo wa foleni ni wa kununua.
Ngauda akaitazama risiti muda mrefu.
"Ulisomea wapi?"
Ukunga, nikamjibu. Mabomba, joto, na kusubiri.

Laki tatu na nusu. Nusu leo, nusu mwisho wa mwezi.
Wakati naondoka akainama dirishani:
"Ukifika usizime papo hapo. Tabo inakuwa nyekundu ndani,
oili ikisimama humo inageuka mkaa.
Ipe dakika."

Naipa.
Kila asubuhi, uani Segerea, injini inaunguruma chini chini,
mikono yangu ipo kwenye usukani, haijashika cha mtu.
Ndani wanatafutana soksi, nani kachukua rula ya nani.
Wameshausikia mlio. Wanajua nimefika.

Jana mama mkwe aligonga kioo.
"Mbona hushuki?"
Inapoa, mama.
"Nini kinapoa?"

Nikatazama saa.
Zilibaki sekunde kumi na nne.