Kipimo Kimeona Mlango

Nimeinunua Mtaa wa Aggrey, mtumba,
mkanda wake una jasho la mtu nisiyemjua
na kitufe cha kufutia picha kimelika
kuliko vitufe vingine vyote.
Nikajua mwenzangu naye alikuwa anajifunza.

Wiki ya kwanza niliiacha kwenye alama ya kijani,
pale inapofanya kila jambo yenyewe
kama shemeji aliyekuja msibani kusaidia
akaishia kugawa nyama.

Zamaradi wa Tandika, anayepiga harusi kwa mkopo,
alikizungusha kigurudumu mpaka kwenye M.
"Sasa ukikosea, umekosea wewe."

Tundu, alisema, ni mboni:
namba ndogo, tundu kubwa.
Nikauliza mbona kinyume.
"Bei ya vitunguu nayo unaiuliza mbona?"

Kasi ni kope.
Ukitaka kumdaka mtoto anayeruka kamba, pepesa upesi;
ukichelewa, utapata kamba peke yake
na moshi wenye viatu.

Na aiesoo ni pilipili.
Gizani inakuokoa, ila ukizidisha
picha inaota vipele
kama shingo ya mtoto mwezi wa pili.

Niliandika namba kiganjani kwa kalamu ya bluu.
Kufika Buguruni, jasho lilikuwa limeshazisoma na kuzifuta.

Nimepiga sufuria. Nimepiga nyanya, fungu la buku,
moja kali, nne ukungu.
Nimetoka benki kwenye kiyoyozi nikapiga barabara,
lenzi ikafunga ukungu, nikadhani nimeiua,
nikakaa kwenye ngazi nimeikumbatia hadi ikapata joto.

Leo saa mbili asubuhi
dada yangu Tusekile anasukuma chapati,
mlango uko wazi nyuma yake,
jua limejaa uchochoroni kama maji kwenye beseni.
Nikabonyeza.
Uchochoro umetoka vizuri: kamba ya nguo, kuku, tofali,
hata maandishi ya vocha kwenye kibanda cha jirani.
Dada yangu ni tundu jeusi lenye mikono.

Kipimo kimeona mlango.
Mtu hakikumwona.

Nikafungua tundu. Nikapunguza kasi.
Kidogo tena. Tena.
Uso ukaja polepole, picha baada ya picha:
kwanza paji, halafu unga juu ya nyusi,
halafu kile kicheko chake cha kunidharau.
Na kadiri alivyokuja, nje kuliungua,
kuku akayeyuka, kamba ikakatika,
Buguruni nzima ikawa karatasi nyeupe.

Nikampigia Zamaradi. Nifanyeje nivipate vyote viwili?
"Flashi unayo?"
Sina.
"Basi chagua," akakata.

Ukutani tuna picha moja ya mama.
Sikukuu, Mnazi Mmoja, sijazaliwa.
Kitambaa chake cheupe kimetoka kila uzi,
ukuta wa nyuma umetoka, meno yametoka.
Uso haumo.
Tumekua tukisema, ah, mama alikuwa mweusi sana,
na kamera zenyewe zilikuwa za kizamani,
tukicheka, kama anayesimulia kosa la marehemu.

Nimeisogelea leo nikiwa na unga mikononi,
nikahesabu kwa vidole.
Hatua mbili. Labda tatu.
Hakuna kilichokuwa kizamani hapa.
Mtu alipima kitambaa.

Nikarudi mlangoni, taa ya betri inawaka nyekundu.
Simama hapo hapo, nikamwambia Tusekile,
usiufuate mwanga, mimi ndiye nitakayezunguka.

Mikono yake haikusubiri,
imetoka mbio, mivi miwili ya kijivu juu ya ubao,
na uso umetulia katikati, mweusi, wote, hadi kovu la tetekuwanga.
Zamaradi atasema kasi ilikuwa ndogo.
Siifuti.

Tusekile ameitazama kwenye kioo, kimya,
muda mrefu kuliko chapati inavyostahimili.
Imeungua.
"Hiyo utakula wewe," akasema,
akarudi kwenye ubao.