Mchoro wa Tatu: Fukusi wa Mgomba

Umeme umekatika Bagira tangu saa kumi na mbili;
nachora kwa taa ya simu, wino mweusi, nibu nyembamba.
Mfano wangu kafa, au anajifanya kafa:
ukimgusa hukunja miguu sita kifuani
akatulia kama punje ya kahawa iliyoungua.
Nahesabu hadi mia mbili. Mguu mmoja unanyooka.
Haya, mwongo. Tuanze na kichwa.

Kichwa chote ni mdomo,
mrefu, umepinda kuelekea chini
kama mundu wa shangazi Nsimire.
Mataya yako nchani, madogo, yana kazi,
na vipapasio vimeota ubavuni mwa mdomo huohuo:
kiwiko, kisha rungu.
Hunusa kwa viwiko.

Kifua kina vitobo, vitobo, vitobo.
Nimeweka nukta mia nne na bado Cirimwami,
bwana shamba aliyeniagiza kazi hii,
atasema hazitoshi.
Mgongoni mabawa mawili magumu, yenye mifereji
kama shamba lililolimwa na mtu asiye na haraka.
Chini yake yako mengine, laini, mazima,
ambayo ni nadra kufunguliwa.
Ana mabawa na haruki. Andika hivyo.

Mwanawe nitamchora pembeni:
buu mweupe wa maziwa ya jana, kichwa cha kutu,
hana mguu hata mmoja.
Wa nini? Amezaliwa ndani ya chakula.
Yai moja, limefichwa kwenye tunguu, usawa wa udongo,
kisha njia, na njia ndani ya njia,
mpaka tunguu liwe kama kilima walichokihama wachimba dhahabu.
Juu majani bado mabichi, mkungu bado unanenepa,
halafu siku ya upepo wa ziwani
mgomba unalala chini na mkungu wake
pasipo sauti ya panga.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Sisi mgomba hatuuvai. Tunaula, tunaunywa,
tunalalia majani yake tukifiwa.

Anachokula: mgomba.
Wa ndizi za kupika, wa ndizi za kasiksi,
wa mzuzu, hata mgomba pori usiozaa cha kuliwa.
Muhogo haugusi. Maharagwe hayamhusu.
Ukimweka juu ya hindi atatembea mpaka ukingoni, ageuke.
Ni mwaminifu kuliko wengi niliowahi kuwapenda.

Anapopatikana:
hapa Cirimwami ameacha ukurasa mtupu,
niuchoree ramani, nitie nukta.
Lakini huyu haruki. Usiku hujikokota hatua chache,
alfajiri yuko chini ya majani makavu yaleyale.
Basi alivukaje bahari kutoka Asia?
Alifikaje Idjwi, kisiwa,
na nani alimpandisha Kabare
mpaka pale baridi inapomwambia basi?

Nikampigia shangazi, huko mlimani.
Shamba lenu lilianzia wapi?
"Machipukizi matatu," akasema. "Nilitoka nayo Idjwi
mwaka nilioolewa. Mama aliyafunga kwa kitenge,
nikayapakata mtumbwini kama mtoto.
Matope yake sikuyaosha.
Ulikuwa udongo wa kwetu."

Nibu ikabaki hewani.
Kumbe ramani ya fukusi
ni ramani ya mabibi harusi, ya waliokimbia usiku,
ya kila aliyeondoka na kitu kimoja tu
akachagua kitu kinachoota.

Sikumwambia. Yeye ndiye aliyeuliza:
"Nikutumie chipukizi moja, upande hapo Bukavu, nyuma ya nyumba?"
Nitumie, nikasema. Ila limenye kwanza, shangazi,
mpaka uone weupe, ulitie kwenye maji ya moto.
Kimya. Jogoo wake akawika saa isiyo yake.
"Nichemshe kwetu?"

Yuniti zikaisha.
Nukta ya Idjwi bado haijakauka.