Siku Tano za Mwezi Mpevu

Leo nimepewa kazi ya kufuta nilichokijenga.
Kadi ni ya mkono wa Cirhuza, herufi zimeinama:
*Ondoa kitufe cha SUBIRI. Mwisho Ijumaa.*
Imebandikwa safu ya kwanza, kushoto ya ubao,
pale pale kilipozaliwa.

Naikumbuka asubuhi ile. Cirhuza aliingia
na tope la Kadutu hadi magotini, akasema:
Mama Cibalonza wa sambaza ameniuliza
kama programu yetu inaujua mwezi.
Tukacheka.
Yeye hakucheka. Mwezi ukiwa mpevu, alisema,
taa za wavuvi hazimdanganyi samaki,
beseni linarudi tupu siku nne, siku tano,
na programu yetu, isiyotazama juu,
inamwandikia: Umechelewa. Umechelewa.

Kadi ikaandikwa kwa sauti yake:
*Mimi muuza sambaza nataka nisubiriwe siku tano,
nisiitwe mdaiwa mbele ya wenzangu wa likelemba.*

Nabintu akachora. Akaweka kijani, akakiondoa;
kijani, alisema, ni cha waliokwisha kulipa.
Akachora mwezi. Bisimwa akauliza: huo mwezi au ndizi?
Likabaki neno tupu, SUBIRI,
pana ya kutosha kidole chenye magamba.

Mimi nikaandika msimbo. Usiku wa tatu umeme uliondoka
nikiwa ndani ya mabano,
nikalala humo humo, nikayafunga asubuhi.

Bisimwa analipwa kwa kutoamini.
Alikibonyeza mara mbili. Alikibonyeza bila mtandao.
Alikibonyeza, akairudisha tarehe ya simu mwaka mzima nyuma,
na deni likageuka: sisi ndio tukawa tunadaiwa naye
faranga milioni mbili.
Akanirudishia. Nikamchukia hadi chakula cha mchana.
Nikarekebisha. Akanirudishia.
Mara ya saba aliandika: *Ipite.*

Tukasambaza toleo. Ndiyo, neno ni lile lile,
na Mugoli wa simu akalicheka peke yake
huku akipokea mteja wa kwanza aliyepotea njia.

Mwaka na nusu.
Kitufe kiliishi kama mtoto wa nne,
asiyepigwa picha.
Nabintu alipata kazi kwingine; rangi zote zikabadilika, chake ikabaki.
Kila nilipogusa malipo, chenyewe kililia.
Ndipo Cirhuza akaleta hesabu: wateja elfu tisa,
wanaokibonyeza kumi na mmoja.
Kumi na mmoja, alirudia, akiutazama ukuta.

Mugoli ndiye aliyesimama.
Ubaoni hana safu; kazi yake huanza yetu ikiisha.
Hao mnaowaita kumi na mmoja, alisema,
mimi nawajua kwa kikohozi.
Mmoja akibonyeza, wanawake ishirini nyuma yake
hawagombani Jumamosi. Hao mmewahesabu wapi?
Cirhuza akaliandika hilo pembeni ya kadi.
Tarehe hakuigusa.

Ijumaa. Nimefuta mistari mia mbili na kumi na minne.
Bisimwa amejaribu kutokuwapo kwake,
kwa bidii ile ile, na tarehe za nyuma, na simu isiyo na mtandao.
Kweli hakipo, amesema, na kwa mara ya kwanza
hakuonekana kufurahia kuwa sahihi.
Nimeacha mstari mmoja, wa aina ambayo mashine huuruka:
*Hapa palikuwa na siku tano.*

Chini yetu, fundi wa matairi anapiga nyundo.
Mugoli amepanda juu ya kiti,
kwenye kalenda ya duka lake anazungushia duara
siku tano za kila mwezi, kwa kalamu ya risasi.
Siku hizo, anasema, ujumbe wa kuchelewa
utapita kwanza mkononi mwangu.

Cirhuza amepita na kikombe cha chai.
Amesimama. Ametazama sana.
Kisha ameiomba ile kalamu, akafuta, akachora upya:
mwezi wa Julai ulikuwa umekosewa kwa siku moja.