Gramu Mia Tisa na Arobaini

Mimi nauza chumvi, soko la Kadutu.
Kilo naijua kwa kiganja, mizani ni ya wateja.
Waliponilaza mwanangu kifuani
mkono ulisema kabla ya muuguzi:
huyu hajafika.
Mteja angemrudisha.

Nilikuwa nimehesabu mpaka Machi.
Yeye alihesabu mpaka Krismasi, akachoka,
usiku ambao mvua ilikuwa ikiteremsha Bukavu ziwani,
matope, makopo, kiatu kimoja cha mtu.

Siku ya tatu daktari Balagizi alikuja na mashine
iliyofunikwa kitambaa kama kinanda cha kanisa.
Akapaka utosini mafuta ya baridi,
pale mifupa haijapatana bado,
pale bibi zetu walitukataza hata kupuliza.
Nikaona ubongo wake kwenye kioo:
kama mji wetu umeme ukikatika,
giza, na vilima ndani ya giza,
na mahali pamoja peupe
pasipopaswa kuwa na taa.

"Ile ni damu. Kidogo, upande wa kushoto."
Itakauka?
"Mara nyingi huisha. Mara nyingine huacha nafasi."
Sikuuliza nafasi ya nini.

Wakamchoma kisigino, tone moja kwenye karatasi.
Karatasi ikavuka Ruzizi kwenda kupimwa
kabla mwenyewe hajavuka mlango wa wodi.
Baada ya siku tisa jibu likarudi:
tezi ya shingo inasinzia.
Ina umbo la kipepeo, alisema, imekaa kooni,
ndiyo inayouambia mwili pata joto, kua, amka.
Ya mwanao haijajua kusema.

Hapo nikamwona mama yangu, Idjwi,
na rovu lake kubwa kama parachichi.
Wadogo tuliliegemea tukilala.
Tulidhani kila mama huota moja
akishamaliza kuzaa.
Miezi ya njaa alipika sombe bila chumvi
na kutuambia ndivyo wazungu wanavyokula.

Basi nikauliza, sauti ikinitoka vibaya:
ni chumvi yangu?
Lile gunia nililoliacha wazi juani, miaka yote hii?
"Hapana, mama Ashuza. Njiti wengi tezi zao huchelewa.
Walitoka kabla hujamaliza kuwagawia."
Na damu? Ilivuja kwa sababu tezi imelala,
au tezi imelala kwa sababu ya damu?
Akavua miwani.
"Sijui.
Na anayekuambia anajua, muulize mara mbili."
Nilimpenda kwa hilo.

Kila asubuhi Nsimire anasaga kipande cha kidonge
ndani ya tone la maziwa yangu.
Unga mchache kuliko unaobaki kwenye ncha ya kidole
nikishaonja bidhaa.

Umeme ukienda, kuvezi zinanyamaza moja baada ya nyingine.
Jenereta inatafutiwa mafuta, mafuta yanatafutiwa mwenye ufunguo.
Sisi tunafungua vifua.
Wanawake sita kwenye benchi, hakuna anayeongea,
kila mmoja na wake chini ya kitenge, ngozi kwa ngozi.
Cibalonza, ambaye wake aliondoka Jumanne,
bado anakuja.
Mwenye mapacha humpa mmoja ashike.

Alhamisi wanampima kichwa
kwa utepe kama wa fundi cherehani.
Mwili wote naombea ukue, ukue,
kichwa naombea kiende polepole.
Sijui Mungu anazitenganishaje sala hizo mbili.

Leo ni kilo moja na gramu kumi.
Dada yangu anakaa mezani pangu sokoni.
Nimemwagiza: gunia lifunike,
hata wakisema unaficha mchanga.

Jana usiku Ashuza alilia.
Sauti ya paka aliyelowa, nyembamba,
lakini wodi nzima iligeuka.
Nikapitisha kidole kooni pake, taratibu,
nikimtafuta yule kipepeo.
Sikumkuta.
Ngozi tu, na joto.