Risiti ya Usiku Mmoja

Gathogo alilizunguka gari mara mbili kabla ya kutupa ufunguo,
pale Seksheni 58, Nakuru, akipiga picha kila mkwaruzo
kama daktari anayeandika maradhi ya mtu mzima.
"Lisilale barabarani," akasema.
"Likilala nje, mimi silali."
Tukaapa, mimi na dada yangu Vihenda:
tutalilaza ndani, nyuma ya geti, chini ya taa.

Nguo ya kuazima haisitiri, tulifunzwa.
Gari la kukodi nalo halikuachi usinzie.
Ukungu wa Londiani, majani chai ya Kericho,
mpunga wa Ahero: vyote tulivipita
tukisikiliza mlio mdogo chini ya gurudumu la kushoto,
tukiulizana, ulikuwepo au tumeuleta sisi?

Kisumu, saa kumi, jua la kukaanga.
Gesti ya kwanza: shuka nyeupe, sabuni mpya kwenye karatasi yake,
pa kuweka gari hapana.
"Liacheni hapo nje, hakuna shida,"
na papo hapo shida ikaanza kunukia.
Ya pili ilikuwa na ua wa kuchezea mpira
lakini lango jembamba. Tukakunja vioo.
Vihenda akashuka, akapunga mikono
kama anayeongoza ndege uwanjani,
na bado lango likakataa kwa upana wa kidole.
Ya tatu, bei yake ingelipa karo ya muhula,
kiamsha kinywa juu yake, asante, tukageuza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Mgeni akija na gari, mwenyeji hupima geti.

Tulisimama kula samaki. Dakika tano tu.
Kanjo akaja na mnyororo wake, koti la njano,
akalifunga gurudumu kama anafunga mbuzi.
"Dakika tano," nikamsihi.
"Hata hizo ni za kaunti."
Huku simu ikilia, Gathogo, aliyetuona kwenye kioo chake:
"Naona mmesimama. Mmesimama wapi?"

Giza lilitukuta nyuma ya reli.
Kijana wa boda alituelekeza kwa kidevu:
gesti yenye uwanja, na askari halali.
Askari aitwaye Omboto
akasukuma jiwe nyuma ya tairi,
akafungua daftari lililopigwa mistari kwa rula,
akaandika namba ya gari polepole, mia mbili, usiku mmoja.

Vihenda hakusikia bei.
Alikuwa akiangalia bomba la maji
lenye shingo iliyopinda,
lililopindwa na baiskeli ya Baba
jioni aliyorudi zamu amefurahi kupita kiasi.
Landi za reli ziling'olewa zote, mabati na matofali.
Bomba wakalisahau.

Akaanza kuhesabu hatua kutoka bombani.
Kumi na moja hadi mlangoni, kila mtoto wa pale alijua,
maana ndoo ilikuwa nzito na kila hatua ina deni.
Ya kumi na moja ikaishia kwenye boneti.
"Umeegesha jikoni," akaniambia.

Jikoni, tulipolala watano kwenye mkeka mmoja,
na hakuna aliyetuandikia risiti.

Chumba namba saba kilikuwa na neti yenye matundu
na feni iliyogeuka kutazama ukuta.
Saa nane usiku kitanda cha pili kitupu.
Nilimkuta kiti cha nyuma, amejikunja,
viatu vimepangwa nje ya mlango wa gari
kama tulivyovipanga zamani, visogo ukutani.

Omboto alikuja na tochi, ameishusha kwa adabu.
"Huyu nimwandike wapi?
Daftari langu ni la magari."
Nikafikiri sana. Sikupata mstari wake.
Akazima tochi, akaenda kulinda upande wa pili.

Saa kumi na mbili simu ikalia.
"Limelala wapi?"
Maji yalikuwa yakidondoka bombani, tone, tone,
na Vihenda bado anakoroma.
"Ndani," nikamwambia.