Mmwaga Maji wa Dojima

Kazi yangu ni ndoo na kata.
Utambi ukiteketea wote ndani ya kisanduku chake,
soko la mchele limefungwa,
na asiyetaka kusikia, namlowesha.
Yaliyomwagika hayazoleki: nami hulipwa kuyamwaga.

Miaka ishirini na sita hapa Dojima, ukingoni mwa mto,
sijanunua hata gunia.
Lakini wachuuzi wa Osaka nawajua kwa migongo,
kama dobi anavyojua watu kwa madoa yao.

Rihachi wa duka la Kagaya ana akili ya wembe.
Bendera za bei zikipeperushwa kilima hadi kilima,
yeye huzisoma kabla hazijakunjuka.
Ila akikosea, kosa hulifanya mwana:
hulibeba, hulibembeleza, "Itarudi, bei itarudi,"
hata utambi umekwisha na yeye bado anabembeleza.
Mgongoni mwa huyo nimemwaga mto mzima.

Mosuke aliumwa na nyoka mwaka wa mafuriko;
sasa ung'ongo ukitikisika tu, ameuza.
Huyo hutoka mkavu, na mfuko wake mkavu vilevile.

Halafu Genzo.
Ana kigugumizi, lakini uwanja ule unataka vidole, si ulimi.
Usidhani haogopi. Nimeona kidole gumba chake kikitetemeka
kama mkia wa mjusi uliokatika.
Ila hofu yake ameiajiri.
Asubuhi, kichwa kikiwa baridi, huandika ndani ya mkono wa kimono
bei ambayo ikifikiwa atakiri kwamba amekosea.
Ikifikiwa, anakiri. Halitafutii kosa wakili.
Na kabla utambi haujazima
yuko ng'ambo ya daraja, anavuta tambi zake kwa kelele,
siku ya faida bakuli moja,
siku ya hasara bakuli moja.

Ndipo ukaja mwaka wadudu walipomaliza mpunga wa magharibi.
Bei ikapaa. Genzo alikuwa amenunua chini.
Nyumbani Oyone alipima mchele kwa kibaba, kisha kwa nusu kibaba,
kisha akawa anakatakata figili na kuziita wali.

Jioni moja utambi ulizima
na Genzo akabaki uwanjani,
vidole wazi, bado ananunua,
ananunua kutoka kwa watu waliokwisha kwenda zao.
Hasara haikuwahi kumweza. Faida ilimlewesha kwa kikombe kimoja.

Nilishika kata, nikaiweka.
Nikachukua ndoo.
Sitasema kwamba sikufikiria figili.

Aligeuka akihema, maji yakimchuruzika kidevuni,
akapigana na neno, akapigana nalo:
"A-a-asante."

Kesho yake aliuza yote kabla ya adhuhuri.
Bei ikaendelea kupanda siku tisa, na siku tisa walimcheka.
Yeye alivuta tambi zake.

Na mimi, nisiyenunua hata gunia,
nilikesha siku zote hizo tisa nikihesabu
ningepata nini ningekuwa yeye na nisingeuza,
mpaka Oyone akageuka gizani, akauliza
kama anyanyuke akalete kata.